Nukta nyeusi ndani ya unga mweupe: kisa cha ubwiri unga uliopata mwenza

Majani yaliletwa yakiwa yamekunjwa ndani ya gazeti. Yalikuwa matano, makubwa, yameshaanza kukakamaa pembezoni. Mama aliyeyaleta amelima maboga miaka mingi na ubwiri unga, ugonjwa wa majani unaoletwa na kuvu, si mgeni kwake. Kila msimu, matunda yanapoanza kunenepa, unga mweupe hupanda kwenye majani ya chini, naye huukabili kwa dawa na kwa kupogoa. Safari hii kilichomtoa nyumbani kilikuwa kitu kingine.

"Mwanangu, unga naujua," aliniambia. "Hizi punje nyeusi ndizo sizijui. Ni nini hiki?"

Nililipindua jani la kwanza. Ndani ya madoa meupe, hasa upande wa chini, kulikuwa na nukta ndogo mno, kana kwamba mtu amepangusa vumbi la mkaa juu ya unga. Hazikusambaa ovyo. Zilikaa kwa vikundi, na sehemu moja zilijipanga kama mstari uliopinda kati ya madoa mawili makubwa. Mstari ule ndio uliobeba kisa chote, ingawa siku ile niliutazama nikaupita.

Shamba lenyewe lilikuwa na vipande viwili vilivyotenganishwa na njia ya kupita mtu mmoja. Cha kushoto kilipandwa miche aliyoiotesha mwenyewe, na kitalu chake kilikuwa karibu na maboga ya msimu uliotangulia ambayo hayakuwa yameng'olewa. Cha kulia kilipandwa miche ya kununua kutoka kitalu cha mbali, kwa sababu ya kwake haikutosha. Baadhi ya miche ile ilifika ikiwa na kidoa kimoja kimoja cheupe kwenye majani ya kwanza. Hakukitilia maanani, na sidhani kama kuna mkulima mwenye haraka ya kupanda ambaye angekitilia. Tangu hapo alikuwa amepulizia dawa mara tatu, ileile, ya kundi la strobilurini, kwa kuwa misimu ya nyuma ilimfaa sana. Mara ya tatu unga haukutikisika.

Kabla ya kufika kwangu alikuwa ameshapewa majibu mawili. Jirani alimwambia dawa imefanya kazi, kwamba unga unaokufa huungua ukawa mweusi. Aliyemuuzia dawa alimwambia huo ni ugonjwa mwingine umeingia juu ya wa kwanza, anunue dawa ya pili. Mimi nami nilikuwa na langu moyoni, na nililitamani liwe kweli: nilidhani ni Ampelomyces.

Ampelomyces ni kuvu anayekula kuvu. Huingia ndani ya nyuzi za ubwiri unga, huzinyonya, kisha hutengeneza humo humo vijifuko vya spora zake. Kwa macho, doa la unga lililoshambuliwa naye huingia rangi ya kijivu au hudhurungi na huonekana kama limetapakaa vitone. Kumkuta shambani bila kumleta ni habari njema kwa mkulima. Kwa hiyo nilikwenda kwenye hadubini nikiwa na matumaini.

Lenzi ya mkono ilitangulia, nayo iliondoa majibu mawili kwa dakika chache. Jamii ya maboga ina ugonjwa unaofanya mashina yapasuke na kutoa gundi, na kuvu wake pia huacha nukta nyeusi kwenye majani. Lakini nukta hizo huzama ndani ya sehemu ya jani iliyokwisha kufa, ukizipangusa haziondoki. Hizi zilikaa juu. Nilizigusa kwa ncha ya brashi laini zikabanduka pamoja na nyuzi nyeupe, na chini yake jani lilikuwa bado la kijani. Si ugonjwa wa pili.

Jibu la jirani nalo liliangushwa na rangi. Ndani ya doa moja nilikuta vipira vyenye rangi ya manjano iliyofifia, vingine rangi ya asali, vingine hudhurungi, vingine vyeusi tititi. Vyote vya duara, vyote vikilingana ukubwa kwa karibu. Unga uliouawa na dawa hunywea na kuchakaa. Haujijengi ukawa vipira, na hautoki kwenye manjano kwenda kwenye weusi kwa hatua. Nilichokuwa nakitazama kilikuwa kinakomaa.

Likabaki langu. Niliweka vipira vichache kwenye tone la maji juu ya kioo cha hadubini, nikafunika, nikabonyeza kwa upande wa nyuma wa penseli. Kama ni vijifuko vya Ampelomyces, vingekuwa vidogo zaidi, vyenye umbo la pea na rangi ya kahawia nyepesi, na vingemwaga spora ndogo nyingi mfano wa moshi. Sivyo ilivyokuwa. Kila kipira kilikuwa na upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kimefunikwa na vigae vyeusi, na chini yake kimeota nyuzi chache zilizojipinda. Kilipopasuka kilitoa mfuko mmoja tu, mwangavu, ukiteleza nje taratibu. Ndani ya mfuko mlikuwa na spora nane za umbo la yai. Nilizihesabu mara tatu. Nilivunja kipira cha pili: mfuko mmoja, spora nane. Cha tatu vivyo hivyo.

Basi Ampelomyces hakuwapo. Nilichokuwa nacho ni kasmothesia, yaani tunda la kuvu lililozaliwa kwa kujamiiana. Sitaficha kwamba nilifurahi na kusikitika kwa wakati mmoja. Ni kitu ambacho wengi wanaoshughulika na maboga kila siku hawajawahi kukiona kwa macho yao, na kwa mama yule kilikuwa habari mbaya zaidi ya ile niliyoitarajia.

Idadi ile ya mfuko mmoja wenye spora nane inataja jina. Ubwiri unga wa jamii ya maboga huletwa zaidi na kuvu wa aina mbili. Podosphaera xanthii huweka mfuko mmoja katika kila tunda, kwa kawaida wenye spora nane. Kuvu wa jenasi Golovinomyces huweka mifuko kadhaa katika tunda moja, na kila mfuko kwa kawaida huwa na spora mbili. Kwenye jani lenye unga mtupu, jicho peke yake halitofautishi hawa wawili. Ndiyo sababu kwa miaka mingi ugonjwa huu uliandikwa kwenye vitabu kwa jina la Erysiphe cichoracearum, jina la zamani la huyu wa pili, hata pale mhusika alipokuwa wa kwanza. Kwa kuthibitisha niliweka unga mweupe kwenye hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 3. Spora za kawaida zilionyesha ndani yake vipande vidogo vinavyong'aa vya fibrosini, ambavyo Podosphaera anavyo na Golovinomyces hana. Mashahidi wawili wamekubaliana.

Unga na nukta

Mama aliuliza swali ambalo ningemwomba kila mtu aulize: kama huyu ni yuleyule wa kila mwaka, mbona miaka yote hakuwahi kutoa punje nyeusi?

Jibu linaanzia kwenye unga. Vumbi jeupe tunaloliona ni spora zinazoitwa konidia, zilizopangwa kwa minyororo juu ya vijiti vifupi. Konidia haina wazazi wawili. Ni kipande cha kuvu kilichojikata. Ikitua kwenye jani huota bila kuhitaji tone la maji, hujishikiza, kisha hutoboa seli ya ngozi ya jani na kuingiza humo kiungo cha kunyonyea. Kuvu mwenyewe hubaki juu juu, amelala kwenye jani, ameshikilia uhai kwa vinyonyeo hivyo. Baada ya siku 3 hadi 7, hali ya hewa ikimkubali, anatoa minyororo mipya. Kila konidia ni nakala ya iliyoitangulia. Shamba zima lililofunikwa na unga linaweza kuwa, kwa asili yake, kiumbe kimoja au viwili vilivyojirudufu mara zisizohesabika.

Katika maisha haya yote kuvu ana seti moja tu ya kromosomu. Sisi, na maboga yenyewe, tuna mbili katika karibu kila seli. Yeye anaishi na moja, na ndiyo maana jeni yoyote aliyonayo hujitokeza papo hapo, nzuri au mbaya, bila kufunikwa na pacha wake.

Kujamiiana kunabadilisha mambo. Nyuzi mbili zinazokutana, moja ikajenga kiungo cha kike na nyingine cha kiume, huungana, na ya kiume huipitishia ya kike kiini. Viini viwili huungana, na kwa muda mfupi sana, ndani ya mfuko ule, kuvu huwa na seti mbili. Kisha hugawanyika kwa meiosisi: kromosomu za pande mbili hubadilishana vipande, hutengana, na viini vinne hupatikana. Kila kimoja hujigawa tena mara moja, vikawa vinane. Hizo ndizo spora nane nilizozihesabu, askospora. Wakati huohuo nyuzi za jirani zimekwisha kuuzungushia mfuko ukuta mnene, nao ukuta unaanza safari ya kutoka manjano hadi weusi.

Sasa, si kila nyuzi zinazokutana zinakubaliana. Podosphaera xanthii ana aina mbili za upatanifu, na tendo hilo halifanyiki ila kati ya aina moja na ya pili. Margaret McGrath wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alilionyesha hilo mwaka 1994 kwa kuvu huyuhuyu, alipokuwa bado akiitwa Sphaerotheca fuliginea. Aina hizo hubebwa na sehemu moja ya kromosomu, na kila kuvu ana toleo moja tu kati ya mawili, MAT1-1 au MAT1-2.

"Kwa hiyo moja ni dume na nyingine jike," mama alisema.

Hapana, na hapa ningependa tukae kidogo, maana wengi huteleza hapa, hata wanafunzi wangu wazuri. Kila kuvu, wa aina yoyote kati ya hizo mbili, anaweza kuwa mama na anaweza kuwa baba. Anavyo viungo vya pande zote. Asichokiweza ni kumzalisha, wala kuzalishwa na, mwenye aina kama yake. Udume na ujike ni kazi ambayo yeyote anaweza kuishika. Upatanifu ni kitambulisho ambacho hawezi kukibadilisha. Tofauti hii itatusaidia tukifika kwenye dawa.

Basi miaka yote mama alipokuwa na unga usio na nukta, maelezo yaliyo mepesi kuliko yote ni kwamba shamba lake lilikuwa na aina moja tu. Unga wa kila msimu ulikuwa mwingi, wenye nguvu, na mpweke.

Mstari njiani

Tulikwenda shambani siku mbili baadaye. Nilimwomba tusiguse kitu, tupite tukipindua majani mstari kwa mstari na kuandika ni wapi nukta zipo na wapi hazipo. Kazi hii haina ufahari na huumiza mgongo, lakini hakuna kipimo cha maabara ambacho kingeniambia nilichoambiwa na mgongo wangu siku ile.

Upande wa mbali wa kipande cha kushoto ulikuwa na unga mwingi kupita kote, na hakuna nukta hata moja. Mwisho wa kipande cha kulia, hali ileile: unga, bila nukta. Nukta zilianza kuonekana tulipokaribia njia, na kwenye mistari miwili inayopakana nayo, kushoto na kulia, zilijaa kwenye majani ya chini yaliyozeeka. Majani machanga ya mistari hiyohiyo yalikuwa na unga tu. Hilo la umri lina maana. Ili tunda litengenezwe, madoa mawili lazima yakue hadi yagusane, kisha wakati upite. Jani changa halijapata muda huo. Ndiyo maana mara nyingi nukta huonekana msimu ukielekea mwisho, na watu wakadhani ni baridi au uzee wa mmea ulioziita. Hali ya hewa na uchovu wa jani vina mchango wao, lakini bila mwenza havizai kitu.

Ndipo nikaukumbuka ule mstari uliopinda kati ya madoa mawili kwenye jani la kwanza. Ulikuwa mpaka. Doa moja lilitoka kushoto kwa njia, lingine kulia, yakakutana juu ya jani moja, na mahali yalipogusana ndipo matunda yalipopangwa.

Hata hivyo ramani ya shamba ni ushahidi wa mazingira. Nilitaka kuona tendo lenyewe. Kuvu hawa hawaoti kwenye chakula cha maabara. Wanataka seli hai. Kwa hiyo tulikata visahani vya majani mbegu, yale ya kwanza ya mche, ya boga safi, tukaviweka juu ya agari, ute mgumu wenye unyevu, ili vibaki hai, tukaanza kuvipandia. Ili kila ukoo uwe wa asili moja, unachukua mnyororo mmoja wa konidia, mmoja tu, kwa kope la jicho lililogundishwa kwenye ncha ya kijiti. Unashika pumzi. Unaugusa mnyororo, unanasa, unaushusha kwenye jani jipya. Likiota doa unarudia kwenye jani lingine, mara tatu, mpaka uridhike kwamba hakuna mgeni aliyejificha.

Tulipata koo kutoka pembe za mbali za vipande vyote viwili. Kila ukoo uliwekwa peke yake; wa kushoto na mwenzake wa kushoto; wa kulia na wa kulia; na wa kushoto na wa kulia, wakiachiwa nafasi ndogo katikati ili wakutane wenyewe.

Peke yao hawakuzaa. Kushoto kwa kushoto, unga ulichanganyika ukawa doa moja kubwa, basi. Kulia kwa kulia, hivyohivyo. Kushoto kwa kulia, nukta za manjano zilitokea pale madoa yalipogusana na si kwingine, zikaiva hadi weusi. Jozi moja ya kushoto na kulia haikutoa kitu, kwa kuwa jani liligeuka njano na kufa mapema. Naitaja kwa makusudi. Anayefanya jaribio la namna hii akikosa nukta asikimbilie kusema aina ni moja. Kwanza aangalie kama jani liliishi vya kutosha.

Basi ikawa wazi. Aina moja ilikuwapo shambani tangu zamani, ikihama kutoka mmea mzee kwenda kwenye miche ya pembeni yake kila msimu. Ya pili ililetwa na miche ya kununua, ndani ya vile vidoa vyeupe ambavyo hakuna aliyevijali.

Kilichomo ndani ya spora nane

Mama hakutaka somo la upatanifu. Alitaka kujua kama mwakani atapata taabu zaidi. Swali hilo lina sehemu mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni wingi. Je, nukta hizi ndizo zitakazoanzisha ugonjwa msimu ujao? Kasmothesia imejengwa kuvumilia. Konidia ni dhaifu na hufa baada ya siku chache ikikosa jani. Tunda hili lenye ukuta mnene hukaa kwenye masalia likipita ukame au baridi, na likilowana vya kutosha hunyonya maji, ukuta hupasuka, mfuko huchungulia na kurusha spora zake. Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la ufa. Lakini pale ambapo jamii ya maboga haikosekani mashambani, kuvu hana haja ya kulala. Konidia zinazopeperushwa kutoka mmea hai hadi mmea hai zinatosha kuujaza msimu. Nilimwambia mama wazi kwamba hata tungezichoma nukta zote, unga ungerudi na upepo.

Ya pili ni aina, na hii ndiyo iliyonikosesha usingizi. Chukua mfano wa dawa. Kushoto alipulizia strobilurini mara kwa mara. Usugu dhidi ya kundi hilo, kwa kuvu huyu, hutokana na badiliko dogo kwenye jeni ya sitokromu b: mahali pa 143 pa protini yake, asidi amino ya glisini imebadilishwa na alanini. Tuseme ukoo wa kushoto unalo badiliko hilo, na dawa iliyogoma mara ya tatu inaelekeza huko. Tuseme miche ya kulia ilikulia kwenye kitalu kinachotumia dawa za kundi la benzimidazoli, na kuvu wake ana badiliko la mahali pa 198 kwenye jeni ya beta-tubulini, glutameti ikawa alanini. Wakiwa mbalimbali, kila mmoja ana dawa inayomuweza. Wakizaana, je?

Jeni ya beta-tubulini imo ndani ya kiini. Katika spora nane, nne zitapata badiliko na nne hazitapata. Jeni ya sitokromu b haimo ndani ya kiini. Imo kwenye mitokondria, vile viwanda vya nishati vya seli, na mitokondria haigawanywi nusu kwa nusu. Mwaka 2002 watafiti wa ubwiri unga wa ngano walionyesha kwamba usugu wa strobilurini hufuata upande wa mama: mfuko mmoja, spora zote zina usugu au zote hazina, kutegemea nani alishika kazi ya umama. Na kwa kuwa kila kuvu anaweza kuwa mama, mpakani mwa madoa mawili nusu ya matunda yanaweza kuwa ya upande huu na mengine ya upande ule. Tunda ambalo mama yake ni wa kushoto, basi, linaweza kubeba spora nne zenye usugu wa aina zote mbili. Kiumbe ambaye hakuwapo shambani wiki iliyopita, hakuletwa na mtu, na dawa zote mbili hazimwezi.

Huo ni mfano wa jeni mbili tu. Wazazi wakitofautiana mahali 10, kila mahali pakirithiwa bila kufuatana na pengine, michanganyiko inayowezekana ni 1,024. Humo ndani mna jeni za usugu, na mna jeni za kuvuka ukinzani wa mbegu. Wazalishaji wa mbegu za boga wametegemea sana jeni ya Pm-0, iliyochukuliwa kwa jamaa wa porini aitwaye Cucurbita okeechobeensis. Kuvu mwenye njia nyingi za kujaribu hupewa nafasi zaidi ya kupata ufunguo.

Lakini nisimtwike kujamiiana makosa yote. Nakala nazo hubadilika. Usugu dhidi ya benomili, dawa ya kundi la benzimidazoli, uliripotiwa kwenye ubwiri unga wa jamii ya maboga Marekani mwaka 1969, dawa ikiwa bado mpya. Tikiti la aina iitwayo PMR 45 lilitolewa California mwaka 1936 kwa sababu lilistahimili ugonjwa. Mwaka 1938 tayari kulikuwa na ripoti ya kuvu anayeliweza. Badiliko moja na msukumo wa dawa moja vinatosha. Kinachofanywa na nukta ni kukusanya pamoja mabadiliko yaliyotokea mbalimbali, na kukusanya huko, kwa nakala peke yake, kungesubiri bahati juu ya bahati.

Tulichofanya

Ushauri ulitoka kwenye ramani. Mistari ya kando ya njia iliondolewa kwanza, mapema, matunda yaliyobaki yakiwa machache. Majani ya chini yalikatwa yakiwa makavu, yakafungiwa kwenye mifuko palepale shambani badala ya kuburutwa, kisha yakafukiwa kwa kina mbali na kitalu. Mama alitaka kuyatia kwenye mboji. Nilimkatalia, kwa sababu rundo lake halipati joto la kutosha katikati, na pembeni ya rundo ndipo tunda lenye ukuta mnene linapostarehe.

Strobilurini ilisimamishwa. Kuendelea kuipulizia juu ya unga usioisikia kungemwondoa mpinzani tu na kumwachia jani yule mwenye usugu. Tuliingia kwenye salfa, ambayo hushambulia kuvu kwa njia nyingi kwa pamoja na ni vigumu kuizoea, ikipuliziwa wakati wa ubaridi kwa kuwa jua kali huifanya iunguze majani. Nilimwonyesha namba ya kundi kwenye lebo: 11 ni strobilurini, 1 ni benzimidazoli. Majina ya biashara yanaweza kuwa matano na namba ikawa moja, na mkulima akaamini amebadilisha dawa kumbe amebadilisha chupa.

Jambo gumu lilikuwa kitalu. Miche haiwezi kuoteshwa kando ya maboga mazee yenye unga. Ni kumkabidhi mtoto kwa mgonjwa. Maboga ya zamani yang'olewe yote, shamba likae bila mmea wowote wa jamii hiyo kwa muda, pamoja na matango yaliyojiotea kwenye ua, ndipo mbegu zipandwe. Na miche ya kutoka nje ipinduliwe jani kwa jani kabla haijashushwa. Yenye kidoa irudishwe.

Kabla hajaondoka siku ile, nilimketisha kwenye hadubini. Niliweka kipira kimoja cheusi, nikabonyeza. Alinyamaza muda mrefu, jicho likiwa kwenye lenzi, midomo ikihesabu kimya kimya. "Nane," alisema. Kisha akauliza ni zipi kati ya nane ndizo zenye sumu. Nikamwambia kwa macho zinafanana zote.

Msimu uliofuata aliotesha miche yake yote mwenyewe, sehemu mpya. Unga ulikuja wakati wake wa kawaida, matunda yaliponenepa. Nilikwenda mwishoni, majani yakiwa yamezeeka, tukapita tena mstari kwa mstari tukipindua. Ulikuwa mweupe mtupu kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Yale majani matano ya kwanza ninayo bado kwenye bahasha ya karatasi, yamekauka, nukta zake zikiwa zimeshika palepale kwenye mstari uliopinda.